Nani anaizungusha feni ya kwenye skrini?

Haya jamani, nimekuwa kimya wiki kadhaa. Sikuugua wala sikuhama nchi. Nilikuwa Kitale, kwenye kiwanda kimoja cha kukausha na kusaga mahindi, nikibishana na watu juu ya mduara mdogo wenye upana wa pikseli 64. Mduara wenyewe unazunguka. Ubishi ulikuwa: uzunguke lini, kwa kasi gani, na kwa amri ya nani? Unaweza kudhani hayo ni mambo ya mapambo tu. Subiri kidogo.

Kwa wasioijua kazi hii nieleze kwanza. Kiwandani siku hizi mashine nyingi zinawashwa na PLC, kompyuta ndogo ngumu inayokaa ndani ya kabati la umeme, isiyo na kibodi wala kioo, inayosoma sensa na kufunga swichi kubwa za mota (mafundi wanaziita kontakta). Opereta haongei na PLC moja kwa moja. Anaangalia skrini yenye michoro: hapa ghala, hapa feni, hapa mota. Kijani inawaka, nyekundu imezimika, au kinyume chake kutegemea nani alichora. Kuna programu kubwa za kutengenezea skrini hizi, kama WinCC ya Siemens, InTouch na Ignition. Kiwanda kidogo kikiona bei ya leseni kinatafuta kijana mwenye shahada ya sayansi ya kompyuta anayeweza kuandika kitu kama hicho ndani ya kivinjari. Ndipo ninapoingia mimi. Mwenye kiwanda ananiita injinia. Nimeshamwambia mara mbili kwamba mimi si injinia, sasa nimeacha.

Jambo la kwanza ambalo kila mteja anaomba, kabla hata ya kuuliza data itahifadhiwa wapi, ni kwamba feni izunguke. Kweli kabisa! Unamwonyesha joto la draya, unamwonyesha unyevu wa mahindi, anatikisa kichwa kwa adabu. Ukimwonyesha feni inayozunguka, anaita wenzake.

Kiswahili kinaita jambo hili uhuishaji, na mimi nalipenda neno hilo kuliko la Kiingereza, kwa sababu kuhuisha ni kutia uhai. Sasa ukitia uhai kwenye picha ya mashine, umeutoa wapi huo uhai? Kwenye mashine yenyewe, au umeutunga?

Skrini niliyoikuta Kitale ilitungwa. Aliyeitengeneza kabla yangu (simjui, na sina ugomvi naye) aliweka picha za GIF. PLC ikitoa amri ya kuwasha mota, GIF inaanza kucheza. Amri ikiondoka, GIF inasimama. Basi. Hakuna kingine kinachoulizwa.

Niliitwa kwa sababu ya tukio la msimu wa mavuno. Kiwandani pale kuna eleveta, yaani mshipi mrefu wa mpira wenye vikombe, unaochota mahindi chini shimoni na kuyapeleka juu kabisa kwenye tangi la draya. Mota iko juu, inazungusha puli ya juu. Puli ya chini haina mota, inavutwa tu na mshipi. Usiku mmoja mahindi mabichi yalijaa chini, mshipi ukanasa, na puli ya juu ikaanza kuteleza juu ya mpira. Amri ipo, kontakta imefunga, mota inazunguka. Kwenye skrini GIF ya eleveta ilikuwa inacheza kwa raha zake kama vile hakuna lililotokea. Na kwa upande wake ilikuwa sahihi! Iliulizwa kama amri ipo, ikajibu ndiyo.

Aliyeokoa jahazi ni kijana wa zamu aliyekuwa akifagia. Alinusa mpira unaoungua, akakimbia kubonyeza kitufe chekundu. Hakuna aliyeumia. Mshipi ulipata kovu jeusi, zamu ikapoteza saa kadhaa, na watu wakacheka asubuhi.

Mimi sikucheka niliposimuliwa. Vumbi la nafaka likiwa hewani ndani ya mahali palipofungika, cheche moja au puli iliyopata moto inatosha. Tarehe 22 Desemba 1977 ghala la nafaka la Westwego, karibu na New Orleans kule Marekani, lililipuka likaua watu 36. Siku 5 baadaye jingine lililipuka Galveston, Texas. Mwaka 1987 Marekani ikatoa sheria ya usalama wa maghala ya nafaka, na ndani yake mna kipengele ambacho nimekichapisha na kukibandika juu ya meza yangu: eleveta za ndani ya jengo ziwe na kifaa kinachopima mwendo, na kasi ya mshipi ikipungua kwa asilimia 20 eleveta iwe imeshazimwa. Soma tena. Kinachopimwa ni mshipi. Sheria haikuridhika na mota kuwashwa.

Hapo ndipo nilipoanzia kazi. Kuna mambo matatu tofauti ambayo skrini nyingi huyachanganya kuwa rangi moja ya kijani. Kuna amri: PLC imesema washa. Kuna jibu la kontakta: swichi imefunga kweli, umeme umepita. Halafu kuna shafti: je, chuma kinazunguka? Kati ya la kwanza na la pili kuna fyuzi na waya. Kati ya la pili na la tatu kuna mkanda, kapilingi, mnyororo, na shimo lililojaa mahindi mabichi. Mashine za hapa kwetu huharibikia zaidi kwenye hilo pengo la mwisho, kwa sababu mkanda ni mpira na mpira huchoka.

Jirani yangu Kanduyi, pale Bungoma ninapokaa, kuna mama mwenye kinu cha posho. Hana skrini. Anapima mahindi na kuhesabu chenji huku ameipa mashine mgongo, na mkanda ukianza kuteleza anajua kabla hujamaliza sentensi. Sauti inapanda, inakuwa nyembamba, anageuka na kuzima. Sikio lake limeunganishwa na shafti moja kwa moja, halipitii kwa amri wala kontakta.

Kule Kitale walikuwa na sikio kama hilo pia. Opereta mkuu ni mzee aliyefanya kazi na mashine tangu kabla sijazaliwa. Alipitia viwanda kadhaa, akaona hata kile cha karatasi cha Webuye kikifungwa mwaka 2009. Zamani meza yake ilikuwa katikati ya mashine. Sasa mwenye kiwanda, kwa nia njema kabisa, amemjengea chumba chenye vioo viwili na mlango unaofunga vizuri ili vumbi na kelele zisimfikie. Chumba kizuri, kuna hadi kiti kinachozunguka. Lakini Mzee hasikii kitu humo ndani. Na hata akitoka nje, sikio lake la kushoto lilishakufa kwa sababu ya hizo kelele za miaka mingi.

Nilifika na vitabu vyangu kichwani. Kuna kitabu kinachoheshimiwa sana kwenye fani hii, cha mwaka 2008, kilichoandikwa na Bill Hollifield na wenzake, kinachoitwa The High Performance HMI Handbook. Kuna pia kiwango cha ISA-101 cha mwaka 2015 kuhusu skrini za viwandani. Ujumbe wa shule hiyo ya mawazo ni kwamba skrini iwe tulivu: rangi ya kijivu, namba zenye maana, rangi kali ziachiwe hatari, na pampu zinazozunguka na miali ya moto inayochezacheza iondolewe. Sababu yao ni nzuri. Jicho la binadamu huvutwa na kitu kinachosogea hata likiwa halikitazami. Ukiwa na feni 12 zinazozunguka kwa sababu kila kitu kiko sawa, umelichosha jicho kwa habari njema, na siku ya habari mbaya halitashtuka.

Basi nikamwambia Mzee kwamba nitaondoa mizunguko yote. Akanitazama kwa muda.

“Kijana wangu,” akasema, “hapo nje nilikuwa nasikia. Humu sisikii. Namba naisoma nikiitazama tu. Hiyo inayozunguka naiona hata nikiwa namimina chai. Ukiniondolea, nipe kingine.”

Na mwenye kiwanda naye alitaka mizunguko, ila kwa sababu tofauti kabisa: watu wa benki wangekuja kutembelea.

Nililifikiria hilo njia nzima ya kurudi Bungoma. Matatu kutoka Kitale inapita Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, halafu Webuye, muda wa kufikiri upo wa kutosha, hasa ukiwa umekalishwa wanne kwenye kiti cha watatu. Nilichoamua ni kwamba Mzee ana haki na kitabu kina haki. Kitabu kinapinga mzunguko wa mapambo. Mzee anaomba mzunguko wa kweli. Kwa hiyo mzunguko ubaki pale tu ambapo kuna sensa kwenye shafti, tena kwa mashine chache ambazo zikisimama kimya kimya zinaleta hatari. Nyingine zote ziwe kijivu na zitulie.

Sasa tuingie kwenye hesabu kidogo. Msikimbie.

Kuzungusha picha ni rahisi. Darasani tulifundishwa na saini na kosaini na matriksi, lakini kivinjari kinakufanyia yote: unachora kwa SVG, unampa pembe na kitovu, kwisha. Mzunguko 1 kwa dakika ni nyuzi 6 kwa sekunde, kwa hiyo kila fremu unaandika:

pembe = pembe + (mizunguko * 6 * sekunde)

Ukiweka hapo kasi halisi ya feni, mambo yanaharibika. Mota ya kawaida ya poli 4 kwenye umeme wetu wa hezi 50 ingefika mizunguko 1500 kwa dakika. Ikiwa na mzigo inateleza kidogo, tuseme 1450. Hiyo ni nyuzi 8700 kwa sekunde. Skrini yako inachora fremu 60 kwa sekunde, maana yake kati ya fremu na fremu feni imeruka nyuzi 145. Lakini feni ina mapanga 4 yanayofanana! Ikigeuka nyuzi 90 huwezi kujua imegeuka. Toa 90 kwenye 145, unabaki na 55. Na kusogea 55 mbele ni sawasawa na kurudi 35 nyuma, na jicho huchagua njia fupi. Kwa hiyo opereta ataona feni inazunguka kinyumenyume, polepole kuliko ilivyo. Mizunguko 900 kamili kwa dakika ndiyo mbaya zaidi: nyuzi 90 kila fremu. Kwenye skrini feni imesimama tuli! Picha ya mapanga 4 inaweza kuaminika hadi chini ya mizunguko 450 tu, baada ya hapo inasema chochote inachotaka.

Hili si jambo la kompyuta peke yake. Mafundi wa karakana wanalijua tangu enzi za taa za mirija. Taa ya zamani kwenye umeme wa hezi 50 humetameta mara 100 kwa sekunde. Chuma chenye mikono 4 kikizunguka mara 1500 kwa dakika, kati ya mmeto na mmeto kinageuka nyuzi 90 kamili. Mashine ya kukereza inaonekana imesimama huku inazunguka kwa nguvu zote. Mtu anaweza kuweka mkono.

Dawa zipo. Ya kwanza ni kuacha mapanga yanayofanana na kuchora diski yenye alama moja, kama sahani iliyopakwa rangi upande mmoja. Ya pili ni kuacha kabisa kuigiza kasi ya kweli. Kasi iandikwe kwa namba, picha ionyeshe kwamba mwendo upo. Kwa mashine za polepole unaweza kuonyesha kasi yenyewe. Rola za kukamua miwa, kama za viwanda vya sukari vya huku kwetu, zinazunguka mara chache tu kwa dakika na jicho linazifuata bila shida. Feni ya draya, hapana.

Kuna mtego mwingine mdogo ambao umewapata wengi. Ukitumia CSS kulainisha mwendo, na pembe yako ikatoka 359 kwenda 0, kivinjari hakijui kwamba hiyo ni hatua moja mbele. Kitarudisha picha nyuma nyuzi zote 359. Unaona diski inakwenda vizuri, halafu ghafla inajipindua kama imeona nyoka. Usirudishe pembe sifuri. Iache iendelee kukua, 361, 362, kivinjari kinajua la kufanya.

Lakini mtego mkubwa kuliko yote ni ule ambao kila mafunzo ya mtandaoni yanaufundisha kama ndiyo njia bora. Unaandika kwenye CSS kwamba picha izunguke kwa sekunde 2, mfululizo, bila mwisho. Mstari mmoja! Inapendeza, haichoshi kompyuta, inateleza kama samli. Na haihitaji data. Ukishaiwasha, inazunguka yenyewe. PLC ikifa, inazunguka. Panya akikata kebo, inazunguka. Injini yake iko ndani ya kivinjari, wala haina habari kama kuna kiwanda.

Nilitaka mwenye kiwanda alione hilo kwa macho badala ya kuniamini. Nyumbani Bungoma nikafunga mota ndogo ya volti 12 juu ya ubao, PLC ndogo pembeni, na laptopu. Kwenye skrini nikaweka feni mbili: ya kushoto kwa ule mstari mmoja wa CSS, ya kulia kwa njia yangu. Nikaubeba ubao huo hadi Kitale ndani ya gunia (makanga aliuliza kama ni redio). Mbele ya mwenye kiwanda, Mzee na vijana wawili wa umeme, nikawasha. Zote mbili zinazunguka. Ya kushoto inateleza, ya kulia inakwenda kwa hatua, tik, tik, tik. Mwenye kiwanda akaonyesha ya kushoto: “Hiyo ndiyo nzuri.”

Nikachomoa kebo ya mtandao.

Ya kulia ikasimama baada ya sekunde 3, ikafifia ikawa mstari mtupu, ikaandika HAKUNA HABARI. Ya kushoto ikaendelea. Tukanyamaza wote tukiitazama ile ya kushoto. Nikachomoa na umeme wa mota. Mota ikasimama pale mezani, mbele ya macho yao, na ya kushoto bado inazunguka tu. Mzee akasema kitu kwa Kibukusu ambacho sitakitafsiri.

Sikuhitaji maneno mengine siku hiyo.

Njia yangu yenyewe haina uchawi. Kwenye puli ya chini ya eleveta, ile isiyo na mota, fundi alifunga vichwa 4 vya bolti na mbele yake sensa inayohisi chuma. Kila bolti ikipita, mpigo mmoja. Mahali penyewe ni muhimu: ukiiweka sensa juu kwenye puli ya mota, mshipi ukiteleza itakwambia mambo ni shwari. Puli ile ya chini inazunguka karibu mara 60 kwa dakika, kwa hiyo mipigo 4 kwa sekunde. PLC inahesabu. Skrini inauliza hesabu kila sekunde kwa Modbus (itifaki ya mwaka 1979, ina umri kunizidi na bado inafanya kazi). Kisha natoa hesabu ya zamani kwenye hesabu mpya, na kila mpigo unasogeza diski nyuzi 7 na nusu. Hakuna mpigo, hakuna mwendo. Picha haina injini yake. Inasukumwa na bolti.

Rejista ya Modbus ina biti 16, inafika 65535 halafu inarudi sifuri. Kwa mipigo 4 kwa sekunde, hilo linatokea kila baada ya saa 4 na nusu hivi. Ukitoa tu bila kufikiria, mara moja kila zamu utapata hasi ya maelfu na diski itaruka kama kichaa. Hesabu tofauti kwa mzunguko wa 65536, basi. Nalitaja kwa sababu hitilafu ya namna hiyo haionekani kamwe ukijaribu kwa dakika 10 mezani, inangoja usiku.

Na hapa niseme jambo ambalo mwenye kiwanda lilimchanganya. Diski haimlindi mtu. Mshipi ukipungua kasi kwa asilimia 20, diski itasogea nyuzi 24 kwa sekunde badala ya 30, na hakuna jicho litakalogundua hilo, hata la Mzee. Kazi ya kuzima eleveta ni ya PLC, ndani ya kabati, bila kuomba ruhusa ya skrini wala kivinjari wala mimi. Tuliiweka hivyo kabla sijagusa picha yoyote. Hata laptopu ikiibiwa, eleveta itajizima. Diski ni ya kumrudishia Mzee kitu alichonyang'anywa na vile vioo viwili.

Akaniuliza kwa nini basi inakwenda kwa mishtuko, haitelezi. Nikamwambia ningeweza kuilainisha, kuijaza katikati ya mpigo na mpigo, lakini hapo katikati ningekuwa nakisia, na makisio yangu yangeendelea kidogo hata baada ya shafti kusimama. Akasema iache. Akasema inafanana na mkono wa sekunde wa saa ya ukutani, na saa ikisimama mtu hugundua hata kama hakuwa anaitazama.

Mwenye kiwanda bado analalamika kidogo. Tulipatana: ukurasa wa kwanza, ule wa wageni wa benki, una mchoro mkubwa wa kiwanda wenye rangi zote anazozipenda, na juu yake nimeandika kwa herufi kubwa PICHA TU. Hauna vitufe, na chumba cha Mzee hakiufungui. Kwenye skrini ya Mzee zimebaki diski 3: eleveta, feni ya draya, na ile skrubu ndefu ya kusukuma mahindi. Mengine yote kijivu.

Feni ndiyo imenirudisha mezani. Wiki iliyopita walibadilisha waya kwenye kabati na fezi mbili zikabadilishana nafasi. Mota ya fezi tatu ikifanyiwa hivyo inazunguka kinyume. Feni ya aina ile ikizunguka kinyume bado inasukuma hewa upande uleule, ila kidogo sana, kwa hiyo hakuna kelele ya ajabu, mahindi tu hayakauki. Sensa yangu moja ilihesabu mipigo kwa uaminifu, na diski ikaenda kwa mwelekeo wa saa kama kawaida, kwa sababu bolti ikipita mbele ya sensa haisemi imetoka upande gani. Mzee aliligundua kwa kuweka mkono kwenye bomba la hewa.

Ukiwa na sensa mbili zilizopishana kidogo unaweza kujua: ukianza mpigo wa A ukafuatiwa na B ni upande huu, ukianza wa B ni upande ule. Nimeagiza ya pili kutoka Nairobi, inakuja na basi la kesho usiku. Fundi ameshatoboa tundu lake. Kwa sasa nimefuta mshale wa mwelekeo kwenye ile diski, na pembeni yake nimeandika UPANDE HAUJULIKANI. Jumatatu napanda tena matatu kwenda Kitale.